Dakika Arobaini na Moja

Ya kwanza niliinunua Kigali kwa mtu aliyefunga saiberi yake.
Feni moja, pangaboi limemeguka ncha,
ikizunguka inakohoa
kama Ntakwinja akipanda ngazi za Kadutu.

Ya pili kaileta Zihindula kutoka Dubai,
ndani ya soksi tatu na kitenge cha mkewe.
Feni tatu. Na taa zisizo na kazi:
nyekundu, buluu, nyekundu,
utadhani baa ya Essence usiku wa Jumamosi.

Tukaziweka mezani. Chumba chetu kiko juu ya famasi, Nyawera,
na harufu ya dawa ya kikohozi hupanda hadi kwenye kompyuta.

Mtihani ulikuwa mmoja kwa zote:
nyumba ya Mama Cibalonza, vyumba vinne na baraza,
vioo kumi na viwili, jua la saa nne asubuhi,
mparachichi wenye majani elfu tisa
(sikuyahesabu mimi).

Kadi ya zamani: dakika arobaini na moja.
Ya Zihindula: dakika tisa,
na sekunde kadhaa ambazo hakutaka niziandike.
"Umeona?" akasema. "Umeona?"

Nikazipachika picha dirishani, moja juu ya nyingine,
nikatafuta tofauti kama anayechambua mchele.
Ukuta ule ule. Kivuli kile kile.
Labda jani moja, upande wa choo.

"Basi zile dakika thelathini na mbili zimekwenda wapi?"
"Zimebaki kwako," akajibu. "Zilalie."

Saa moja na dakika arobaini jioni, Snel wakachukua chao.
Tukahamia kwenye betri.
Kadi mpya hula wati mia tatu bila kunawa mikono:
dakika ya sita inverta ikapiga yowe,
kioo kikazima,
ile taa nyekundu ikazima mwisho, kwa aibu.
Ya zamani, wati sabini na tano,
ikakohoa, ikakohoa, ikamaliza.
Betri ilibaki asilimia kumi na moja.
Zihindula alikuwa akikunja soksi zake.

Kesho yake akaja mwenye nyumba.
Mama Cibalonza anauza sambaza sokoni,
kwa hiyo alizipima kwa viganja, hii huku, hii huku.
"Hii nzito."
"Ndiyo yenye nguvu, mama."
"Hata kopo lenye kitako kinene ni zito."

Kisha akaitazama picha, akaitazama tena.
"Mbona kwangu ni saa nne tu? Mvua hainyeshi?"

Tukaweka mvua.
Hapo, niseme kweli, ya zamani ilishindwa:
baada ya saa tatu
mvua ilikuwa imenyesha juu ya jiko peke yake.
Mpya, umeme ukiwepo, dakika ishirini na sita,
na kila tone lilikuwa na mwanga wake,
na bati liling'aa, na jani lililowa liliinama.
Zihindula alikunja mikono kifuani. Alistahili.

"Nzuri," mama akasema. "Na maji yanakwenda wapi?"

Tukatazama.
Hayakuwa yakienda popote.
Yalikuwa yakimetameta tu, Muhungu, kwenye mteremko
ambao mwaka jana ulishuka na ukuta wa Nabintu
na mbuzi wawili, usiku, bila kubisha hodi.

Akaomba penseli.
Kutoka pembe ya bati akavuta mstari,
akaupitisha kushoto kwa mparachichi,
akasita. "Hapa Bisimwa ataanza kelele."
Akauzungusha, akaushusha
mpaka ukingo wa karatasi, na kidogo juu ya meza yetu.

Niliitazama saa bila kukusudia.
Sekunde ishirini.

Kadi zote mbili bado tunazo.
Karatasi ile ipo ukutani, na mezani mstari haujafutika.
Zihindula anasema ile haihesabiki:
haikuwa na vivuli.